Darubini ya Bunduki kwa Mwenye Mfuko Mwembamba

(Mazungumzo na wawindaji wenyeji wenye leseni na askari wa wanyamapori wa vijiji, Tanga mjini)

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu shikamooni, vijana hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie darubini za bunduki: mtu mwenye fedha kidogo anunue ipi? Ningeweza kuwatajia majina matatu, nikakaa, tukanywa chai. Lakini nimekuwa askari wa wanyamapori miaka mingi, na tangu nistaafu nakaa kwenye kibanda changu hapa Ngamiani nikifungua na kusafisha lenzi za watu. Nimeona kwamba jina peke yake halimsaidii mnunuzi asiyejua anachokitafuta. Atauziwa jina hilohilo kwenye boksi la bandia, atalipa, na atashukuru.

Nianze na nyati.

Miaka mingi nyuma, kusini ya Pangani, tuliitwa kijijini kwa sababu ya dume mzee aliyekuwa akilala vichakani kando ya mashamba. Mwenzangu alikuwa na .375, bunduki ya wanyama wakubwa, na darubini mpya, nyeusi, inayong'aa, imeandikwa 6-24x50. Aliinunua dukani kwa fedha ambayo kwake haikuwa ndogo, na muuzaji alimwambia kwa darubini hiyo utahesabu kope za mnyama. Alipiga kutoka mita sabini. Nyati alikuwa amesimama ubavu, hana habari. Mwenzangu ni mpigaji ninayemwamini mpaka leo. Risasi ilikwenda nyuma ya pale ilipotakiwa, ikaingia tumboni, mnyama akazama kichakani.

Waliowahi kufuata damu ya nyati wanajua kilichofuata. Haendi zake. Anazunguka, anarudi kuivizia njia yake mwenyewe. Siku mbili hakuna mama aliyekwenda kuni upande ule. Watoto hawakwenda shule, kwa kuwa njia ya shule inakatiza palepale. Mihogo ilibaki ardhini. Tulimmaliza alfajiri ya siku ya tatu, akiwa hatua kumi na mbili kutoka miguuni petu, na kila mmoja wetu alikuwa ameshasema moyoni aliyotaka kuyasema. Baadaye niliifungua ile darubini. Msalaba wake, ile mistari ya kulengea, ulikuwa unacheza kama jino la mtoto wa miaka sita, na skrubu mbili za pete zinazoifunga kwenye bunduki zilikuwa zimekula uzi.

Ndiyo maana nikisikia kijana anasema "nataka tu ya bei rahisi, nitaivumilia", natamani nimshike mkono nimpeleke kijiji kile. Anayevumilia siyo yeye. Ni mnyama, na ni yule mama wa kuni.

Sasa, mfuko mwembamba si aibu, na wala haukuzuii kupata kitu cha maana. Unachotakiwa ni kujua fedha yako iende wapi. Darubini ya bunduki ina kazi moja kubwa kuliko zote: ibaki pale ulipoiweka. Ukiioanisha na bunduki leo, risasi ya kesho na ya mwezi ujao ziende palepale. Baada ya hapo ndipo tunauliza kama inaona vizuri alfajiri na magharibi. Kukuza kunakuja mwisho kabisa, na ndiko kunakotangulizwa dukani.

Tuzisome namba. Ukiona 3-9x40, maana yake inakuza kuanzia mara 3 hadi mara 9, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 40. Chukua ule upana, ugawanye kwa ukuzaji. Ukiwa kwenye 9, unapata kama milimita 4.4. Hilo ndilo duara la mwanga linalotoka nyuma kuja kwenye jicho lako. Mboni ya kijana gizani hufunguka mpaka milimita 7 hivi. Yangu mimi, kwa umri huu, ikifika 5 nashukuru. Sasa ile ya mwenzangu, 6-24x50, ukiipandisha mpaka 24 inakupa milimita 2 na kidogo. Magharibi inapoingia unatazama kupitia tundu la sindano. Wakati darubini ndogo ya 4x32, ambayo dukani inawekwa rafu ya chini, inakupa milimita 8, zaidi ya jicho lolote humu ndani linavyoweza kupokea.

Mnaweza kuliona duara hilo kwa macho. Ishikeni darubini mkono ukiwa umenyooka, muielekeze kwenye anga. Nyuma yake mtaona kidoa cha mwanga. Kinatakiwa kiwe mviringo safi. Kikiwa kimekatwa pembeni, ndani kuna kitu kimewekwa vibaya.

(Hapa kijana mmoja aliuliza: kama ni hivyo, si bora tununue zenye lenzi ya mbele ya milimita 50 au 56?)

Swali zuri, mwanangu, na jibu lake linaokoa fedha. Lenzi kubwa inasaidia ukitaka kukuza sana kwenye mwanga hafifu. Kwa mara 4, milimita 32 zimeshatosha. Ukiweka 50 unaongeza uzito, na inabidi uinyanyue darubini juu kwa pete ndefu ili isiguse mtutu. Ikipanda, shavu lako linaachana na kitako cha bunduki, unalenga huku shingo inaelea. Tena kwa bei ileile, mtengenezaji aliyelazimika kukata kioo kikubwa amebana mahali pengine, na hatakwambia ni wapi.

Mahali penyewe mara nyingi ni utando wa lenzi. Kioo kitupu hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kila mwanga unapoingia au kutoka. Inaonekana ni kidogo. Lakini ndani ya darubini kuna lenzi kadhaa, kila moja ina nyuso mbili. Zikifika nyuso kumi tupu, kinachokufikia ni kama theluthi mbili tu ya mwanga ulioingia. Mwaka 1935 mtaalamu aitwaye Olexander Smakula, akiwa kwenye kampuni ya Zeiss huko Jena, Ujerumani, alipata njia ya kuweka utando mwembamba mno juu ya kioo ili mwanga usirudi. Siku hizi kuna tabaka juu ya tabaka, na darubini nzuri hupitisha zaidi ya asilimia 90.

Utaujuaje utando bila mashine? Ielekeze lenzi ya mbele kwenye taa, uitazame mshazari. Taa ikijionyesha kwenye kioo kwa weupe mkali kama kwenye dirisha la basi, hapo ni kioo kitupu, au kimepakwa uso mmoja tu kwa ajili ya tangazo. Ikijionyesha kwa rangi hafifu, kijani au zambarau, imefifia kama taa ya mbali, hapo kuna kazi imefanyika. Na zile lenzi nyekundu kama kioo cha miwani ya pwani, ziacheni. Wekundu ule ni mwanga uliokataliwa kuingia, na wenyewe mmeulipia.

Kwa hiyo fedha ikiwa kidogo sana, mimi nawaambia wazi: nunueni darubini yenye ukuzaji mmoja usiobadilika, 4x32 au 6x42, kuliko ya bei ileile inayopanda na kushuka. Ndani yake kuna vitu vichache vya kusogea, kwa hiyo vitu vichache vya kulegea. Huko Marekani, mwaka 1930, William Weaver alianza kuuza darubini nyembamba, nyepesi, ya ukuzaji mdogo, kwa bei ambayo mwindaji wa kawaida aliimudu, na watu walipata nyama zao miaka na miaka kwa vitu vya namna hiyo. Mnyama hajabadilika tangu wakati huo.

Ukiweza kuongeza kidogo, 3-9x40 ni chaguo la busara kwa sababu moja isiyo ya kitaalamu: inatengenezwa kwa wingi kuliko zote, kwa hiyo ushindani ni mkali na bei imebanwa. Vortex Crossfire II ya kipimo hicho huko Marekani huwa chini ya dola 200. Leupold, kampuni iliyoanza Oregon mwaka 1907, ina VX-Freedom, hiyo iko karibu na dola 300. Burris wana Fullfield. Meopta ya Jamhuri ya Cheki ina vioo ambavyo nikivifungua navisafisha kwa heshima. Nikon wameacha kutengeneza darubini za bunduki, lakini Prostaff zao zilizotumika bado zinazunguka, na nyingi ni nzima. Juu ya hapo mnaingia kwa akina Swarovski, na huko mimi na ninyi tutaangalia tu.

Kwa anayefuata nyati na nguruwe kwenye vichaka vizito, 3-9 siyo jibu. Mtafute 1-4x24, au mbaki na shabaha za chuma za bunduki yenyewe. Katika mita ishirini, kukuza mara 3 kunakuonyesha ukuta wa manyoya.

Nirudi kwenye teke la bunduki, maana hapa ndipo darubini za rahisi zinapokufa. Hiyo .375 ipo tangu 1912 na imewafundisha adabu watengenezaji wengi. Darubini iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki ya upepo au ya .22 ukiifunga juu ya .375, hesabu risasi, hutafika mbali. Muulizeni muuzaji moja kwa moja: hii imepimwa kwa bunduki ya kiasi gani? Akianza kuzungumzia rangi, ondokeni. Pimeni pia umbali wa jicho. Picha nzima ionekane jicho likiwa sentimita 9 hivi nyuma ya kioo. Wapo humu ndani wenye alama ya mwezi mchanga juu ya nyusi. Siwataji. Wao wenyewe wanajua walikuwa wamesogea kiasi gani siku ile.

Na pete. Jamani, pete! Mtu anakaa mwaka mzima akidunduliza darubini, halafu anaifunga kwa pete za bati laini. Katika darubini kumi ninazoletewa kwamba "haishiki shabaha", nikianza kazi kwa kukaza na kupanga pete upya, nyingi zinapona papo hapo na mwenyewe anaondoka akinitazama kama mganga. Nunueni pete za chuma, pana, zenye skrubu nne au sita. Futeni mafuta yote kwenye kitako cha pete na kwenye skrubu kabla ya kufunga, mtie tone la gundi ya skrubu, mkaze kidogo kidogo kwa kupishana, upande huu na ule, kama mnavyokaza nati za tairi. Msikaze kwa hasira. Mrija wa darubini ukibonyea, umeharibika.

Sasa zilizotumika. Kwa mfuko wetu, nadhani hapa ndipo penye neema, mradi mjue kukagua. Na sisi watu wa pwani tuna adui ambaye vitabu vya wenzetu wa nchi kavu havimtaji sana: kuvu. Masika yetu, na joto la hapa, na unyevu wa bahari, lenzi inaota kuvu kama mkate. Chukueni tochi, mmulike kutoka mbele, mtazame kwa nyuma mkiinamisha kidogo. Mkiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zimejikunja pembeni mwa kioo, hiyo ni kuvu. Ikiwa changa naweza kuisafisha. Ikikaa inaula ule utando wa lenzi, na hapo hakuna fundi. Tena kuvu ndani ya darubini inakwambia jambo lingine: hewa ya nje imeingia. Darubini nzuri hujazwa gesi ya naitrojeni au agoni na kuzibwa kwa mipira, ili ndani kusiwe na unyevu. Ikishavuja, itajaa ukungu wa mvuke asubuhi ileile unayoihitaji. Muuzaji akikubali, izamisheni kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu, vifuniko vikiwa vimefungwa, dakika chache. Mkiona mapovu yanatoka mfululizo sehemu moja, mrudishieni kwa salamu.

Kuna kipimo kingine nakipenda, hakihitaji risasi wala uwanja. Tafuteni kioo cha kujitazamia. Wekeni lenzi ya mbele ya darubini juu ya kioo, ukuzaji uwe wa chini kabisa, mchungulie. Mtaona misalaba miwili: wa kweli na kivuli chake. Zungusheni kitufe cha juu cha kurekebisha shabaha, hatua moja moja. Kivuli kinatakiwa kisogee kila mnapozungusha, kwa hatua zinazolingana, na mkirudisha kirudi palepale. Kikikwama kisha kikaruka, hiyo ndiyo iliyomwangusha mwenzangu, hata kama kioo chake ni safi kama maji ya Amboni.

Mkishanunua, wekeni akiba ya risasi. Nimeona mtu ananunua kila kitu, halafu anaioanisha kwa risasi mbili kwa sababu fedha imeisha. Nendeni uwanja unaoruhusiwa, mita 100, mpige tatu. Darubini nyingi husogeza robo ya dakika ya nyuzi kwa kila hatua, yaani kama milimita 7 kwa umbali huo. Nyingine zimeandikwa 0.1 mil, hizo ni sentimita moja kamili. Pandisheni hatua 20, mpige tatu. Kulia hatua 20, tatu. Chini 20, tatu. Kushoto 20, na tatu za mwisho ziangukie juu ya zile za kwanza. Ni risasi kumi na tano, na najua bei yake. Lakini mkiona mraba umefungika kwenye karatasi, mtalala usingizi.

Niwaonye juu ya njia mbili za kupata rahisi ambazo zinaishia pabaya. Ya kwanza ni bandia. Leupold wenyewe wameshaonya wateja kwamba zipo za kuigiza zenye jina lao, boksi lao, hata karatasi za dhamana. Za kweli zina namba yake kila moja; waandikieni kampuni na ile namba kabla hamjalipa. Ya pili ni "nina shemeji Marekani, atanitumia". Serikali ya Marekani inazihesabu darubini za bunduki kuwa bidhaa ambazo kupelekwa kwake nje ya nchi kunadhibitiwa, na anayezituma bila kibali anaweza kuingia matatani, hata kama alidhani anatuma zawadi. Msimponze shemeji. Na kwa upande wetu, kabla ya kuagiza chochote cha kuwekwa juu ya silaha, ulizeni kwa wanaowapa leseni zenu. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Swali la dakika kumi ofisini ni nafuu kuliko mzigo uliokamatwa bandarini.

Kutunza, kwa ufupi: msiihifadhi darubini kwenye mfuko wa ngozi. Ngozi ni shamba la kuvu. Iwekeni kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na mvibadilishe. Chumvi ya bahari mfuteni kwa kitambaa chenye maji safi kwanza, ndipo kikavu. Msifute lenzi kwa ncha ya kanzu wala fulana. Chembe moja ya mchanga wa Mwambani inatosha kuchora kioo chenye thamani ya mbuzi wawili.

Na hili nalisema kwa askari wa vijiji, kwa moyo wangu wote. Darubini ya bunduki si ya kutazamia. Ukiitumia kuchungulia nani yule anakuja njiani, umemwelekezea mtu mtutu. Huenda ni jirani yako anarudi kutoka kuchoma mkaa. Kama kijiji kina fedha ya kitu kimoja tu, nunueni kwanza darubini ya mkono, 8x42, yenye milimita 5 na kidogo za mwanga, iwe ya wote. Bunduki ikae begani mpaka mjue kwa hakika ni mnyama gani, yuko wapi, na nyuma yake kuna nini. Nimewahi kuona kwa darubini ya mkono kitu tulichodhani ni nguruwe kwenye mahindi. Alikuwa bibi kizee anapalilia, ameinama, na kanga yake ya kahawia. Sijawahi kulisahau lile bega lake.

Saa kumi na mbili inakaribia, na mwanga wa kukagulia kioo ndio huu unaoanza. Nimeleta darubini nne bila bunduki, nimezifunika majina kwa karatasi. Moja ni ile ya 6-24x50, niliitengeneza nikaiacha iwe ya mafunzo. Tutoke nje upande wa shamba, mtazame milingoti ya mkonge dhidi ya anga. Angalieni kama pembeni mwa mlingoti kuna mstari wa zambarau, na kama mwaweza kuhesabu matawi yake. Tutazitazama sasa, tutazitazama tena baada ya dakika kumi, na tena baada ya kumi nyingine, mpaka adhana. Kila mtu aandike namba ya darubini iliyozima mwisho. Wazee watangulie, tafadhali, macho yetu yanaanza kuchoka mapema.